Kope la Kushoto la Tusekile

Sindano elfu moja na mia mbili zilishuka kwa pamoja, na hakuna hata moja iliyogusa mwenzake. Zilikuwa nyembamba mno, huzioni mpaka taa izipige ubavuni. Zilikwenda na kurudi, zikaenda na kurudi, na chini yake, ndani ya sinia la maji ya uvuguvugu, shavu la dereva wa lori wa Tunduma lilikuwa likifumwa upya, pamoja na vinyweleo vyake.

Mashine hiyo iliitwa mfumasura. Kufikia mwaka 2093 ilikuwa imeufanya mji wa Mbeya ujulikane hata kwa watu wasiojua Mbeya iko upande gani wa nchi. Madaktari walichukua chembe chache za ngozi kutoka nyuma ya paja la mgonjwa, wakazikuza kwa siku kadhaa hadi zikawa uzi, na mfumasura ukaufuma uzi huo ukawa ngozi, nyama na mishipa. Kilichotoka humo kiliitwa kitambaa hai. Kikishonwa mahali pake kilishika, kikapata joto, na baada ya miezi miwili mwenye nacho aliweza kunyoa ndevu kama mtu mwingine yeyote.

Aliyeuendesha mfumasura wa Kituo cha Sura alikuwa mhandisi Atuganile Kibona, mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwembamba, mpenzi wa chai ya tangawizi kupita kiasi. Kama kulikuwa na kitu alichojivunia, ni kwamba katika wagonjwa mia mbili na kumi na wanne aliowafumia sura, hakuna hata mmoja aliyerudi kulalamika kwamba amefanywa kuwa mbaya. Wote walitoka wazuri. Kasoro ya kazi yake ilikuwa imejificha hapo hapo, ila yeye alikuwa bado hajaiona.

Mgonjwa wa mia mbili na kumi na tano aliitwa Tusekile Mwaipopo, fundi mitambo wa kiwanda kimoja cha kukaushia chai huko Rungwe, miaka thelathini na nne, mama wa mtoto mmoja. Bomba la mvuke lilipasuka akiwa ameinama kusoma kipimo. Miwani ya kazi iliyaokoa macho yenyewe, na kwa hilo watu wa nyumbani kwake walimshukuru Mungu kila asubuhi. Lakini paji la uso, kope, pua na mashavu vyote viliungua, na kifuniko cha bomba kilimvunja mifupa ya juu ya macho.

Sasa, mfumasura haufumi kwa kubahatisha. Unahitaji ramani ya sura, na ramani hutengenezwa kwa picha. Unaulisha picha nyingi za mtu, za mbele na za ubavu, akicheka na akinuna, nao unapima kila bonde na kila mwinuko. Asajile, mume wa Tusekile, alileta picha elfu nne na ushei kutoka kwenye simu tatu. Atuganile alimshukuru, akaziingiza zote, na baada ya dakika kumi na mbili sura ya mwanamke ikasimama hewani kwa nuru, ikigeuka polepole.

"Ramani imekamilika," mashine ilisema kwa sauti yake ya upole. "Usahihi ni asilimia tisini na tisa."

Bibi Kissa, mama mzazi wa Tusekile, aliizunguka ile sura mara moja. Akavua miwani, akaifuta kwa pindo la khanga, akaivaa tena.

"Mzuri," alisema. "Ni nani huyu?"

"Ni Tusekile, mama," Atuganile alijibu.

"Tusekile nimemzaa mimi, mwanangu. Huyu simjui."

Atuganile alimgeukia Asajile. Mume yule alikuwa ametazama chini, anakuna kidole gumba.

"Anafanana naye," alisema kwa shida. "Lakini siye."

Hapo inabidi tueleze habari ya lainisho. Kwa zaidi ya miaka arobaini, kila kamera iliyouzwa ilikuwa na lainisho ndani ya kioo chake. Hakuna aliyeamuru iwe hivyo. Ilianza kwa kufuta chunusi, na nani angekataa kufutiwa chunusi? Kisha ikaja kung'arisha meno, kisha kunyoosha pua, kisha kusawazisha macho, na mwishowe picha ikawa inalainishwa kabla hata haijahifadhiwa, mpigaji asijue kilichoondolewa. Picha za vitambulisho zilikuwa hivyo hivyo. Watu hawakuona kuwa ni uongo. Kwao ilikuwa sawa na kunawa uso kabla ya kutoka nyumbani.

Kwa hiyo picha elfu nne na ushei za Tusekile zilikuwa elfu nne na ushei za mwanamke mwingine.

Walijaribu kwa maneno. Bibi Kissa alisema kope moja la binti yake lilikuwa limelegea, la kushoto. Asajile alisema ni kweli, lakini lilikuwa la kulia. Wakabishana mbele ya mashine hadi ikagundulika kwamba mume alikuwa akilikumbuka upande wa mkono wake yeye, alivyomtazama. Limelegea kiasi gani? Bibi Kissa akaonyesha kwa vidole. Asajile akaonyesha kwa vidole vyake, na nafasi zile mbili hazikulingana. Na pua je? Na shimo la tetekuwanga, lilikuwa juu ya nyusi au kati ya nyusi? Mashine ilichora ramani saba kwa siku mbili, na kila mara Bibi Kissa alisema, "Bado."

Mtoto wao, Lugano, msichana wa miaka saba, aliletwa kuitazama ramani ya saba. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia.

"Mama atakuwa hivyo?" aliuliza. Kisha akageuka akarudi kukaa kwenye benchi la nje.

Kitambaa hai hakingoji. Uzi ukishakuzwa una siku tisa, kisha unakufa, na ngozi ya Tusekile iliyobaki nzima isingetosha kukuza mwingine kabla ya mwaka mzima kupita. Siku hiyo ilikuwa ya saba.

"Hamna picha yoyote ya zamani?" Atuganile aliuliza. "Hata moja?"

Asajile alifikiri. "Za harusi ziko ukutani. Alitupiga Mzee Mwasongwe pale Soweto, kwa ile kamera yake kubwa ya kizamani, ya kushika kwa mikono miwili. Lakini nazo ni laini. Yeye analainisha mwenyewe, kwa mkono. Ndiyo sifa yake."

Atuganile alikiweka chini kikombe cha chai. Mtu anayelainisha kwa mkono, aliwaza, lazima kwanza awe na kitu cha kulainisha.

*

Alipanda kigari cha waya kutoka kituoni, kikampitisha juu ya mabati na mashamba ya viazi hadi mtaa wa Soweto. Ilikuwa Juni, saa nne asubuhi, na baridi ya Mbeya ilikuwa bado haijaamka kuondoka. Studio ya Ambilikile Mwasongwe ilikuwa na mlango wa bluu na kuta zilizojaa maharusi, wahitimu na watoto wachanga. Wote walikuwa na ngozi ya aina moja, kana kwamba mji mzima ulizaliwa na mama mmoja.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ya kitambulisho au ya ukutani?"

Mwenye studio alikuwa na miaka sitini na sita, mtu mkubwa, sweta limemkaa kwa taabu, na vidole vyembamba ambavyo havikufanana na mwili wake. Atuganile alijitambulisha, akamweleza yote: ajali, ramani saba, siku mbili zilizobaki. Alimwomba picha mbichi za harusi ya Tusekile Mwaipopo. Picha mbichi ni ile iliyotoka kwenye kamera kabla haijaguswa.

Uso wa Mzee Mwasongwe ulifungwa. Alianza kuzungumza kama mtu aliye mbele ya askari.

"Picha mbichi hufutwa. Sheria inasema hivyo. Mteja anaweka dole gumba, mimi nafuta, yeye anaona. Nilifuta."

Hiyo sheria ilikuwepo kweli. Ilitungwa kuwalinda watu wasichafuliwe kwa picha zao wasizozipenda, na mpigapicha aliyeivunja alinyang'anywa leseni.

"Hata moja haikubaki?"

"Hata moja." Akaanza kupanga betri ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Baada ya muda akaongeza, kwa sauti ya kujitetea, ingawa hakuna aliyemshambulia, "Wapo wanaosema picha iachwe ilivyo. Sawa. Lakini nikwambie, mwaka fulani alikuja hapa bibi harusi, asubuhi ya siku yake, uso mzima chunusi kwa sababu ya mafuta mapya aliyopakwa na shangazi yake. Analia. Chunusi za siku tatu zikae ukutani miaka hamsini? Hiyo ndiyo asili? Watu hawaji kwangu kutafuta ukweli, mwanangu. Ukweli wanao nyumbani, kwenye kioo."

"Sikukatalii," Atuganile alisema. Na kweli hakuwa na la kukataa. Alitoa kibao chake mfukoni, akakiweka mezani, na ramani ya saba ikasimama kati yao, ikigeuka.

Mzee alikusudia kutoitazama. Alivumilia labda nusu dakika. Kisha akainama, akakunja uso, akavuta kiti.

"Nani kafanya kazi hii?"

"Mashine."

"Ndiyo maana. Tazama hapa, kwenye kope. Limenyanyuliwa, yamekuwa mawili sawasawa kama vifungo vya koti. Mtu gani ana macho hivi? Mimi nilipomnyanyulia huyu binti nilimwachia nusu milimita, makusudi, jicho lisipoteze ule utani wake. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye kope hilo moja. Lilikuwa limeshuka milimita mbili na nukta..."

Mdomo ulibaki wazi kidogo.

"Mzee Mwasongwe," Atuganile alisema taratibu, "harusi ile ina miaka kumi sasa."

Nje, mwuza maziwa alipita akipiga kengele. Yule mzee mkubwa aliishika meza kwa mikono yote miwili, na alipozungumza, sauti ya kwenye kituo cha polisi ilikuwa imekwisha.

"Zote ninazo," alisema. "Miaka thelathini na moja. Nilikuwa nafuta zilizo kwenye kamera, mteja anaona, anaridhika. Lakini nakala ilishaingia upande wa pili." Alivuta pumzi. "Usifikiri nina siri kubwa. Ni majivuno tu. Fundi seremala akimaliza meza watu wanaiona. Mimi kazi yangu ikiwa nzuri haionekani kabisa. Mteja anaitazama picha, anasema, ‘Kumbe niko hivi!' Anaondoka akidhani sikufanya kitu. Basi Jumapili nikitoka kanisani nafunga mlango, naziweka mbili mbili, mbichi na iliyoiva, najisifu mwenyewe."

Atuganile alitamani kucheka na alitamani kumkumbatia. Hakufanya lolote kati ya hayo, kwa sababu kulikuwa na jambo la haki lililopaswa kusemwa kwanza.

"Sitakudanganya, baba. Nikizitumia, lazima niandike zimetoka wapi. Leseni yako itaulizwa."

Mzee aliitazama ile sura ya nuru ikigeuka.

"Ana mtoto?"

"Mmoja. Msichana. Ameiona hii, akakataa kuingia chumbani."

Mzee Mwasongwe alinyanyuka. "Njoo unisaidie kushusha debe," alisema.

Debe lilikuwa la mchele wa Kyela, juu ya kabati, na katikati ya mchele, ndani ya soksi safi ya sufu, palikuwa na hifadhi moja ya picha, nyeusi, isiyozidi kiberiti. Humo zilikuwamo sura elfu kumi na tisa.

Mzee alipoiwasha, Tusekile wa miaka ishirini na nne alitokea ukutani akiwa na shela begani. Paji lilikuwa pana kuliko la kwenye ramani. Pua ilielemea upande kidogo. Shimo la tetekuwanga lilikuwa kati ya nyusi, si juu yake, na kope la kushoto lilikuwa limefunika karibu theluthi ya jicho, hata ungedhani ameshakuona unachotaka kufanya na anakungoja tu ujiaibishe. Atuganile alicheka kwa sauti bila kutarajia. Alikuwa amemhudumia mwanamke huyu siku kumi na moja, na ndiyo kwanza anakutana naye.

Kisha kicheko kikamkatikia. Alimkumbuka mwalimu mmoja wa Vwawa aliyemfumia uso miaka mitatu nyuma. Mwalimu yule alirudi kituoni mara tatu, sura nzuri, afya njema, akasema, "Kuna kitu, mhandisi, sijui ni nini." Mara zote tatu Atuganile alimwambia atazoea. Picha zake nazo zilitoka kwenye simu. Za wagonjwa wote mia mbili na kumi na wanne zilitoka kwenye simu.

"Una nini?" mzee aliuliza.

"Nimefanya makosa makubwa," alisema Atuganile, na akakaa chini.

*

Mashine haikuipenda picha mbichi.

"Ramani ina kasoro kumi na saba," ilisema. "Nizisahihishe?"

"Hapana."

"Kope la kushoto limeshuka kwa milimita mbili na nukta tatu. Nilisahihishe?"

"Hapana."

"Pua..."

"Nimesema hapana," Atuganile alijibu, na akaijibu hivyo mara kumi na saba, moja moja, maana mashine ile haikuwa na namna ya kukubali mara moja kwamba mtu anaweza kuutaka uso wake.

Bibi Kissa alipoiona ramani ya nane hakuizunguka. Aliingia chumbani, akasimama mbele yake, akaweka kiganja mdomoni. "Huyu hapa," alisema. "Mwanangu huyu hapa." Asajile alitoka nje kabisa, na waliokuwa ukumbini wanasema alilia akiuelekea ukuta.

Lakini uamuzi haukuwa wao. Kanuni ya kituo ilitaka mgonjwa mwenyewe aamue, na ramani mbili, ya kwanza na ya nane, zikawekwa mbele ya kitanda cha Tusekile. Alikuwa amefungwa bandeji kichwa kizima, macho tu na mdomo ndivyo vilivyoachwa wazi. Alizungumza polepole kwa sababu midomo ilimvuta.

Mzee Mwasongwe aliomba aingie. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, akakiri yote mbele ya mwenye sura yake: kwamba aliahidi kufuta, kwamba hakufuta, na kwa nini. Hakujipunguzia hata neno moja.

Tusekile alimtazama muda mrefu. Kisha akazitazama ramani, ya kulia, ya kushoto, ya kulia tena.

"Unajua nilikulipa uliondoe lile kope," alisema.

"Najua, mwanangu."

"Nililichukia. Shuleni waliniita Nusu Mchana." Alipumzika kidogo. "Huyu wa kwanza ndiye niliyemtaka tangu nina miaka kumi. Na leo yupo, bure, naweza kutoka naye hapa." Alisema hivyo bila utani wowote, na Atuganile aliona kwamba jambo lilikuwa bado halijaamuliwa. Kwa dakika nzima mwanamke yule alimtamani kweli yule mwingine, na nani angemlaumu?

"Chagua unachopenda, mwanangu," Bibi Kissa alisema, ingawa macho yake hayakutoka kwenye ramani ya nane. "Sisi tutakuzoea."

"Lugano naye analo," Tusekile alisema.

Hakuna aliyeelewa mara moja.

"Kope. Kama langu, kushoto hivyo hivyo. Kwenye picha halionekani, kamera zinalifuta, lakini analo. Wenzake wanamsema. Wanamwita Kisinzio. Kila asubuhi kabla ya shule nasimama naye mbele ya kioo, namwambia, tazama la kwako, tazama la kwangu. Anacheka, anaenda." Pumzi ilimwishia, akangoja irudi. "Nikirudi nyumbani na macho ya huyu, mtoto wangu atasimama kwenye kioo na nani?"

Akainua mkono, akaelekeza ramani ya nane.

"Hiyo. Na shimo la tetekuwanga, usilisahau."

Kisha akamgeukia mpigapicha, na kwa sauti ile ile ya shida akamwambia kwa Kinyakyusa cha nyumbani kwao, "Ndaga fijo, taata." Asante sana, baba. Mzee Mwasongwe alikuwa amejiandaa kwa matusi, hata kwa polisi. Kwa asante hakuwa amejiandaa.

Mfumasura ulifuma kwa saa kumi na moja, kuanzia alfajiri ya siku ya tisa. Atuganile hakutoka chumbani. Sindano zilipofika kwenye kope la kushoto alishika kitufe cha kusimamishia, kwa hofu kwamba mashine ingejifanya mjuaji tena. Haikufanya hivyo. Aliinong'oneza asante, na hakuona haya.

*

Leseni ya Mzee Mwasongwe ilisimamishwa kwa mwaka mmoja. Hakungoja aitwe, alikwenda mwenyewe ofisi ya leseni na ile hifadhi ndani ya soksi. Aliagizwa awaandikie wenye sura zote elfu kumi na tisa, kila mtu aamue kama yake ifutwe au aichukue.

Wakaja. Wengine walikuja na hasira, na walikuwa na haki. Mama mmoja alimtaka afute mbele yake, akasimama hapo hadi mwisho, akaondoka bila kuaga. Lakini kijana mmoja alikuja kuulizia picha mbichi ya marehemu baba yake, akaitazama, akashika kidevu chake mwenyewe na kusema, "Kumbe hiki ni cha kwake." Alishukuru mara nyingi hadi mzee akamwomba anyamaze. Chunusi za bibi harusi wa mafuta ya shangazi zilifutwa kwa makubaliano ya pande zote mbili, kwa vicheko.

Atuganile alimpigia simu mwalimu wa Vwawa. Alimweleza kosa lake bila kulizungusha, akamwomba msamaha.

"Kwa hiyo sikuwa nimerukwa na akili," mwalimu alisema.

"Hapana, mwalimu. Mimi ndiye sikukusikiliza."

"Mama yangu mdogo ana picha ya karatasi. Ya zamani sana, imeliwa na mende pembeni. Itafaa?"

"Ije," alisema Atuganile. "Ije kama ilivyo." Kisha akaandika jina la mwalimu juu ya karatasi, na chini yake akaanza kuandika majina mengine mia mbili na kumi na matatu.

Wiki ya saba, bandeji ya mwisho ya Tusekile ilitolewa asubuhi, kwenye bustani ya kituo, jua likiwa limeanza kupata nguvu. Ngozi mpya ilikuwa bado nyekundu kidogo na imevimba, lakini alikuwa yeye. Lugano alimwendea polepole, hatua moja moja. Alipofika aliegemeza kichwa tumboni kwa mama yake, akakaa hapo, na watu wazima wote wakapata la kutazama mahali pengine.

Tusekile alitaka picha, na alitaka apige Mzee Mwasongwe, leseni au hakuna leseni. Kamera ilikuwa ya Asajile. Atuganile alikuwa amemaliza siku mbili nzima kuliondoa lainisho kwenye kioo chake, kazi ngumu kuliko alivyodhani, kwa kuwa watengenezaji hawakuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angetaka litoke.

Mama na mtoto walisimama mbele ya uzio uliotambaliwa na maboga. Mzee aliinua kamera. Na hapo Lugano akakaza uso, akainua nyusi, akalitanua jicho la kushoto kwa nguvu zake zote, hadi shingo ikamtetemeka. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Kumbe mtoto huyo alikuwa akifanya hivyo mbele ya kila kamera tangu alipojua kusimama, na kwa kuwa kamera zililinyoosha kope hata hivyo, hakuna aliyejua.

Mzee Mwasongwe alishusha kamera. Machozi yalimlengalenga, mtu mzima yule.

"Lugano," Tusekile alisema. "Liache tu."

Mtoto alimtazama mama yake juu. Akaona kope la mama limeshuka mahali pake, limekaa, halina haraka. Akaliachia la kwake.

Mzee akabonyeza. Picha ilipotokea nyuma ya kamera, vidole vyake vilicheza hewani kidogo kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, kisha akavituliza, akaichapa ilivyo na kuwapa wenyewe.

Lugano aliishika kwa mikono miwili. Aligusa jicho la mama kwenye picha, akagusa la kwake, akarudia tena. Halafu akainua uso.

"Babu, naomba nyingine," alisema. "Hii naipeleka shule."